Kengele ya Geedi

Modogashe, 9 Januari 2024

Yahye mwanangu, mtoto wa dada yangu,

Assalamu alaykum warahmatullah. Mimi ni Raho, habaryar wako, mama yako mdogo, kama bado unakumbuka uko na mama mdogo. Nyumba ni amani? Mke wako ni amani? Ule mguu wake uliokuwa unavimba umeshuka? Gereji ni amani? Sisi huku ni amani, alhamdulillahi. Mvua imetupiga mpaka tumechoka kuishukuru. Nyasi inafika goti la ngamia. Ngamia wangu yule mweupe, yule mkorofi wa kupiga teke, amezaa jike, na jike lenyewe limeshaanza kupiga teke. Mzee Diriye wa msikitini ameoa tena. Hana jino hata moja. Siku ya harusi nyama alikula kwa macho.

Anayeandika ni Qabale, binti wa Kiborana mwenye duka la fotokopi hapa njia panda. Kisomali anasikia lakini kuandika hawezi, na mimi kalamu sijawahi kushika ila kukuna sikio. Kwa hivyo tunatumia hii Kiswahili niliyookota kwenye madirisha ya mabasi, miaka arobaini nikiuza maziwa. Nimemwambia aandike kila kitu asichague. Ananiangalia. Qabale, andika hata hiyo.

Utasema, Habaryar, barua ya nini na simu iko? Simu wewe umeifanya mlango wa nyuma. Nikifika tu kwenye neno lenyewe unaanza, "Haloo? Haloo? Netiwaki!" Karatasi haina netiwaki. Karatasi itakungojea juu ya meza, ukitoka urudi, bado inakuangalia.

Neno lenyewe ni hili. Shuaib wa lori la mbuzi amekuja hapa, amekunywa chai vikombe vitatu, halafu anafuta mdomo, ananiita bibi kama wote, anasema, "Ayeeyo, ati Yahye gari yake imepinduka." Nikasema imepindukia wapi, gereji? Akasema mashindanoni, kule upande wa Kajiado, mara tatu, magurudumu yakaangalia mbinguni kama miguu ya mbuzi siku ya Idi. Na wewe wiki hiyo hiyo ulinipigia simu. Ulisema nini? Ulisema Nairobi kuna baridi.

Wewe ulizaliwa mwaka ule ngamia kumi wa baba walipotea wakarudi kumi na moja. Qabale anasema mwaka huo hauko kwenye kalenda. Haya, kitambulisho chako kinasema miaka hamsini na tisa. Wenzako wa umri huo wanapaka ndevu hina na kugombania nafasi ya kuegemea nguzo msikitini. Wewe unavaa suruali isiyoshika moto na kofia kama sufuria, unakimbizana na vijana ambao baba zao uliwaona wakinyonya.

Mimi sijasema acha. Mtu akikwambia acha, utaongeza. Damu yetu naijua. Nimeuliza tu: utaacha lini?

Msalimie mke wako na mguu wake.

Ni mimi mama yako,
Raho

*

Nairobi, 2 Februari 2024

Habaryar wangu mpenzi,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua imefika na harufu ya mbuzi, kwa hivyo nilijua inatoka nyumbani kabla sijaifungua. Mguu wa mke wangu umeshuka. Gereji iko na kazi. Hongera kwa ngamia jike, na mpe Mzee Diriye pole na hongera pamoja, achague mwenyewe.

Shuaib anapenda kuongeza chumvi. Gari ilipinduka mara mbili. Ile ya tatu iliteleza tu. Nilitoka kwa dirisha nikitembea. Bega linauma kidogo, lakini hilo ni godoro.

Nimeendesha mashindano miaka thelathini na moja, Habaryar. Mwaka jana wakubwa wa mashindano waliniita kwa heshima nyingi, wakanipa soda, nikajua kuna jambo. Wanataka niendeshe gari ya sifuri. Hiyo ndiyo gari inayotangulia mbele ya wote kabla mashindano hayajaanza, kuangalia kama njia iko salama, kama mto umejaa, kama kuna ng'ombe barabarani. Haishindani na mtu. Haipewi kikombe. Mlangoni ina sifuri tu. Niliwaambia watafute mzee wampe.

Qabale, dada yangu, kipande hiki kinachofuata usikisome kwa sauti mbele ya watu. Habaryar, nataka mara moja tu tena nimalize wa kwanza kwenye kundi langu. Ndiyo, kundi langu lina magari manne. Hata hivyo ni kundi. Mashindano ni tarehe mosi Juni. Baada ya hapo tutaongea.

Sasa na mimi nina swali. Shuaib huyo huyo anasema unachechemea. Kwa nini?

Mwanao,
Yahye

*

Modogashe, 1 Machi 2024

Yahye mwanangu,

Salaam nyingi kama mchanga wa lagha, ule mto wetu mkavu. Sisi wazima. Jua limerudi, nzi pia wamerudi, kila mtu na jamaa zake. Mke mpya wa Diriye anamsagia nyama kwenye kinu, na Diriye amenenepa, anatembea kifua mbele kama diwani.

Kile kipande chako cha siri Qabale alikisoma kwa sauti. Usimlaumu. Neno la kunyamaza uliliweka mstari mmoja na siri yenyewe, yeye alikuwa ameshashika mwendo, akaona "usisome" wakati mdomo umeshasoma. Ilikuwa kwenye hoteli, watu wamejaa. Kwa hivyo sasa Modogashe yote inajua kuhusu yale magari manne. Diriye amekuombea dua baada ya sala ya Ijumaa, watu wakasema amin. Mmoja akauliza, hao wengine watatu tuwaombee nini?

Shuaib nimemnyima chai. Mimi sichechemei. Niliketi chini haraka, na chini ikawa ngumu.

Ngoja nikueleze, kwa sababu wewe mtu wa Nairobi umesahau. Basi la kutoka Wajir likiingia halisimami sana. Abiria wananyoosha mkono dirishani, na sisi wenye maziwa tunakimbia, chupa mkononi, chupa kwapani, jerikeni mgongoni. Atakayefika dirisha la kwanza ndiye atauza, maana watu wa dirisha la kwanza wanapitishia wengine. Tuko wanawake wanane. Mimi ndiye mzee, wengine nawaita watoto. Na mimi ndiye wa kwanza. Miaka arobaini, Yahye! Saynab ana miguu kama ya twiga, lakini anafika nyuma yangu. Mpaka leo. Kwa hivyo usiniulize kuhusu kuchechemea. Anayechechemea anafikaje wa kwanza?

Sasa, hiyo habari yako ya gari ya sifuri imenikumbusha Geedi.

Wewe humjui Geedi, alikufa mama yako hajaolewa. Geedi alikuwa ngamia dume wa mizigo wa baba yetu. Jina lake maana yake ni kuhama. Tukihama, yeye ndiye anabeba nyumba: miti yote, mikeka, vyombo vya maziwa, na mimi juu nikiwa mdogo, nafungwa kama mzigo mwingine. Shingoni alikuwa na kengele ya mti, baba alichonga mwenyewe. Ko-ko, ko-ko. Hakukubali ngamia mwingine apite mbele yake. Akijaribu mmoja, Geedi anamuuma mkia.

Akazeeka. Kila kitu kinazeeka. Lakini baba hakumwachisha kazi kwa sababu ya kuanguka. Kuanguka alianguka mara nyingi, matope ni matope, ngamia wote wanaanguka. Alimwachisha siku nyingine kabisa, kwa sababu nyingine, na sababu yenyewe

Qabale anasema anafunga duka. Siku ingine.

Mama yako,
Raho

*

Nairobi, 5 Aprili 2024

Habaryar,

Ramadhani karim, Mungu akubali saumu yenu. Huku tunafungua kwa sambusa za jirani, na mke wangu anasema jirani anazifanya ndogo makusudi. Watoto wanakusalimu. Nimekutumia na Shuaib kitambaa na tende. Tafadhali mrudishie chai yake, amekuja hapa amekonda kwa huzuni.

Baba yenu alimwachisha Geedi lini? Umenikata katikati kama netiwaki.

Mimi ni mzima. Macho yangu ni mazima pia, sijui kwa nini watu wananiuliza. Wiki hii tumezunguka njia ya mashindano kwa gari ya kawaida, mimi na Mowlid. Huyo Mowlid ndiye anaketi kando yangu, miaka kumi na minane sasa. Mimi nashika usukani, yeye anashika daftari. Tukipita polepole anaandika kila kona, halafu siku ya mashindano ananisomea masikioni kabla sijaiona. Kona tunazipa namba. Moja ni kali sana, karibu ugeuke urudi ulikotoka. Sita ni kama imenyooka. Akisema "tatu kulia," mimi napunguza kwa ajili ya tatu, hata kama kuna vumbi na sioni kitu. Sina haja ya kuona. Namwamini kuliko kioo.

Ila nikwambie jambo la ajabu. Siku hizi barabara zimekuwa na kona kali sana. Njia ile ile tuliyopita miaka ya nyuma nikikumbuka nne, nne, tano, sasa ni tatu, tatu, nne. Sijui wanaotengeneza barabara wanafikiria nini. Mowlid naye ukimuuliza anaangalia daftari tu.

Tarehe mosi Juni, Habaryar. Niombee. Na hao wengine watatu waombee wafike salama, lakini nyuma yangu.

Yahye

*

Modogashe, 27 Aprili 2024

Mwanangu,

Idi ilikuwa nzuri, tulikula. Tende zimefika, kitambaa nimevaa, Saynab amekionea wivu mpaka akasema rangi yake inanizeesha. Mvua nayo imerudi kwa hasira. Wanasema barabara ya Garissa imekatika, maji yamelala juu ya lami kama ng'ombe. Shuaib anasema atapita Isiolo, akikwama huko atapita anakojua Mungu. Nimempa chai. Barua hii ikichelewa usidhani nimekufa.

Yahye, leo nimechoka kuzunguka. Siku ile Qabale hakuwa anafunga duka. Jua lilikuwa juu kabisa. Mimi ndiye nilimwambia aandike hivyo. Qabale anatikisa kichwa, anasema ndiyo, alisikia aibu kuandika uwongo lakini mteja ni mteja.

Ngoja kwanza nikueleze ya jana.

Jana basi la Wajir limeingia. Tukakimbia. Nikiwa karibu na dirisha la kwanza, mkono wangu umeshanyooka, nikaona kivuli kimenipita. Fyuu! Ni msichana mpya, Idman, ametoka Buna wiki hii, anakaa kwa shangazi yake. Amenipita kama mimi ni jiwe la barabarani. Ameuza chupa nane kabla sijasema bismillahi. Mimi sikukasirika. Nilisema mashallah, huyu ana miguu. Lakini nyuma yangu nikasikia Saynab amemshika kanga, anamgombeza kwa sauti ya chini, sauti yake ya chini unajua inafika Habaswein. "Wewe hujaambiwa? Hapa Ayeeyo Raho ndiye anafika kwanza! Sisi wote tunapunguza!"

Sisi wote tunapunguza.

Nikageuka. Wanawake saba wanaangalia ardhi kama wamepoteza sindano. Nikasema, "Tangu lini?" Nikamsogelea Saynab. "Saynab, na ile miguu yako ya twiga, tangu lini?" Akasema, "Ayeeyo, tangu ile mvua ya mwaka juzi ulipoanguka." Mwaka juzi! Mwanangu, mimi kumbe miaka miwili nimekuwa wa kwanza kwa huruma.

Nikaenda nikaketi kwenye jiwe la mlangoni kwa Qabale. Nikalia kidogo. Halafu, wallahi, nikaanza kucheka. Niliwafikiria wale saba, kila siku, jua kali, wanakimbia polepole makusudi na kutweta kwa uwongo. Saynab alikuwa anashika mbavu, hah, hah, eti amechoka! Hiyo ni kazi kubwa kuliko kukimbia. Nani anapendwa hivyo?

Ndipo nikamkumbuka Geedi vizuri, na sasa nitakwambia nilichokuwa nakificha.

Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi. Geedi alikuwa anapiga magoti polepole na kuinuka polepole zaidi. Nilimpenda kuliko watu. Niliogopa baba akiona atamuuza kwa wachinjaji. Basi kila tukihama, tukishapita kilima baba yuko mbele hatuoni, mimi nachomoa mkeka mmoja juu ya Geedi, naufunga mgongoni kwangu. Safari nyingine mikeka miwili. Hakuna aliyejua. Geedi mwenyewe alijua? Alikuwa anatembea kichwa juu, ko-ko, ko-ko, anadhani bado ana nguvu zile zile.

Siku moja baba akageuka. Akaniona nimeinama kama mwanamke wa miaka themanini, mikeka mitatu mgongoni. Nikangoja fimbo. Hakunipiga. Alisimamisha msafara wote, akafungua mizigo yote ya Geedi, akagawia ngamia wengine. Akaniambia: "Raho, ngamia akianguka, huo ni mguu wake. Lakini siku mtoto anabeba mzigo wa ngamia kwa siri, ngamia amezeeka." Nikalia, nikasema utamuuza. Akasema, "Nikimuuza, nani atajua visima?" Kengele hakuitoa. Geedi akatembea mbele, mgongo mtupu, mpaka alipokufa kwa amani yake. Sisi wote nyuma, tunafuata ko-ko.

Kwa hivyo leo sikukimbia. Leo asubuhi basi lilikuwa bado mbali, nikasikia linakohoa, mimi najua mabasi yote kwa kikohozi. Nikawaambia watoto, "Hilo ni lile la dereva mwenye haraka, atasimama mbele ya msikiti, siyo hapa. Nendeni huko." Wakaenda, wakauza kila tone. Wamenigawia bila mimi kusimama. Idman alinibusu mkono. Nilimwambia, wewe usimpunguzie mtu, kimbia.

Sasa wewe. Ulisema barabara zimeongeza kona. Yahye mwanangu, mimi sijasoma, lakini barabara naijua. Barabara haiongezi kona. Muulize Mowlid.

Mama yako aliyeketi,
Raho

*

Nairobi, 4 Juni 2024

Habaryar,

Salaam kwako na kwa wale saba na kwa Idman. Sisi wazima, wote, nasema hili mapema usitafute kwenye mistari ya mwisho.

Barua yako ya Aprili ilikaa na Shuaib kwenye matope majuma mawili, ikakaa Isiolo majuma mawili mengine lori likitengenezwa, na imenifikia tarehe mosi Juni saa tatu asubuhi. Shuaib alifika gereji, akaambiwa niko mashindanoni, akapanda bodaboda akaja hadi huko, matope mpaka kwenye kofia. Walinzi wakamzuia. Akapiga kelele, "Nina barua ya mama yake!" Wakampisha. Nilikuwa nimeshafungwa mikanda, helmeti kichwani, magari saba mbele yangu. Nikasoma. Kila gari likiondoka tunasogea, nasoma tena mstari.

Nikamaliza. Nikamwambia Mowlid bila kumwangalia, "Kona ya kwanza baada ya daraja ni ngapi?"

"Tatu," akasema.

"Mowlid."

Magari manne mbele yetu.

"Ni nne, kaka," akasema.

"Na ile ya mawe?"

"Ni tano. Nakusomea nne."

"Zote?"

"Zote. Nashusha moja moja."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, siku ulipogonga mti ukasema hukuuona."

"Mti wenyewe ulikuwa mkubwa?"

"Kaka, chini yake kulikuwa na hoteli."

Habaryar, nilicheka mpaka kioo cha helmeti kikaingia ukungu. Nikamuuliza, na ile ya Desemba tuliyopinduka? Akasema, "Hiyo nilisahau kushusha." Halafu nikaona analia, mtu wa miaka hamsini na mbili, ndevu zote zile. Akasema aliogopa akiniambia nitatafuta msomaji mwingine, naye atakaa nyumbani akinisikiliza kwenye redio, huku huyo mwingine akinisomea ukweli mpaka aniue.

Nikamwambia, "Leo nisomee za kweli. Kipande kimoja tu."

Wakatupungia bendera. Tukaondoka. Na nilikuwa na furaha, Habaryar, sijui nikueleze vipi. Vumbi jekundu, injini inaimba, watu juu ya mawe wanapiga mayowe. Mowlid akasema, "Nne kulia." Mguu wangu ukafanya tatu. Akasema, "Tano kushoto, ni tano kweli, kaka, nenda!" Mguu ukafanya nne. Akili ilikuwa inasema nenda, mguu ulikuwa unasema nimesikia, tutaona. Hakuna mtu aliyeupunguzia siku hiyo. Mguu wangu ulishastaafu zamani, ulikuwa unaningoja mimi nijue.

Nilimaliza kile kipande salama, nikaendesha na vilivyobaki polepole kama bwana harusi, nikipungia watu mkono. Wa nne kati ya wanne. Mwambie Mzee Diriye dua ya wale watatu imejibiwa.

Nilipovua glavu nilikwenda kwenye hema la wakubwa. Nikauliza, "Ile gari ya sifuri, mlishampata mzee?" Wakaangaliana. Wakasema, "Bado tunamtafuta." Nikasema, "Msimtafute tena."

Mowlid amekubali kuketi kando yangu. Anasema sasa atasoma za kweli, maana hatuna wa kumkimbiza.

Idi hii nakuja nyumbani. Na gari yenyewe. Usichinje mpaka nifike.

Mwanao,
Yahye

*

Modogashe, 28 Juni 2024

Yahye mwanangu,

Salaam. Umeondoka juzi na vumbi lako bado liko hewani. Huku ni wazima. Mke wa Diriye ana mimba, na Diriye anatembea sasa kifua mbele kama mbunge. Ngamia mweupe amempiga teke mtu wa kamera uliyekuja naye, lakini hiyo umeiona.

Najua ulikuwepo, lakini nitakuhadithia vile vile. Wewe ulikuwa unaangalia barabara, hukuona nyuso za watu, na Qabale anasema jambo kama hilo lisipoandikwa wajukuu watasema tumetunga.

Ulipoingia njia panda na ile gari ina mngurumo kama ngamia dume wa msimu wa majike, mbuzi wote wa Modogashe walikimbilia msikitini. Imamu akasema wamesilimu. Ukashuka, na ndevu zako za hina! Umepaka hina, Yahye, nilidhani sitaiona siku hiyo. Ukanishika mkono ukanipeleka mlango wa pili, kiti cha Mowlid. Saynab akapiga kelele, "Ayeeyo, utakufa!" Nikamwambia mimi nimepanda Geedi aliyekuwa hana breki.

Ulinifunga mikanda mingi, nilirudi kuwa mtoto wa kufungwa kama mzigo. Ukanipa helmeti juu ya ushungi. Halafu ukasema, "Haya, Habaryar, wewe ndiye msomaji. Nisomee." Mimi! Sijui alifu wala be, ati nisome. Lakini ile njia ya kisimani nimeitembea miaka arobaini na jerikeni mgongoni. Nikasoma! "Kulia, mti wa mgunga. Kushoto, nyumba ya mjane, punguza, ana kuku. Sasa nyooka. Nyooka! Nenda, mwanangu, nenda!" Na ukaenda. Wallahi tumbo langu lilibaki nyuma, lilitufikia baadaye. Nilisikia mtu anacheka kwa sauti ya msichana wa miaka kumi, nikatafuta ni nani.

Pale mwisho, kabla ya kisima, nilikwambia, "Punguza, punguza sana, kuna shimo kubwa." Ukapunguza mpaka tukatambaa, tukakata kona yote polepole. Hukuliona lile shimo. Baadaye uliniuliza liko wapi, nikasema umelipita vizuri. Yahye, lile shimo halipo. Nilitaka tukae ndani ya gari kidogo zaidi.

Sasa umeujua ugonjwa wa Mowlid. Msamehe kabisa.

Ile kengele ya Geedi niliyokupa, nimeiweka sandukuni miaka sitini na tano. Imepasuka upande mmoja lakini sauti iko. Uliitundika kwenye kioo mbele ya watu wote, na ulipoondoka barabara ya Isiolo, sisi sote tumesimama kimya, Idman na Saynab na Qabale na Diriye na tumbo lake, tukaisikia ndani ya ule mngurumo, ko-ko, ko-ko, mpaka ikaisha. Saynab alilia. Alisema ni vumbi.

Umesema mashindano yajayo utatangulia na hiyo sifuri yako mlangoni, na vijana wote watakuwa nyuma wakingoja uwaambie njia ni salama. Vizuri. Angalia mito, angalia ng'ombe, na kila kona isome ilivyo.

Lakini usiende polepole sana, mwanangu. Geedi alikuwa hana mzigo mgongoni, na mpaka anakufa hakuna ngamia aliyempita.

Mama yako,
Raho